Barua Pepe ya Biashara Ndogo Nairobi: Uendeshe Seva Yako au Ukodi Huduma? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga mwenye biashara ya watu wawili hadi thelathini hivi, awe na duka la vipuri Barabara ya Kirinyaga, ofisi ya mawakili Upper Hill au karakana Kariobangi, ambaye hana fundi wa kompyuta wa kudumu na ambaye watu wawili anaowaamini wamemwambia mambo yanayopingana, mmoja kwamba aendeshe seva yake ya barua pepe, mwingine kwamba akodi huduma. Msimamo wa mwandishi utaonekana wazi, kwa hiyo ni heri usemwe mapema: biashara nyingi za ukubwa huu zinafaa kukodi huduma ya barua pepe, lakini yapo mambo matatu ambayo hazifai kumwachia mtu mwingine, nayo ni jina la kikoa, nywila ya msimamizi na nakala ya akiba.

Tunatumia anwani ya Gmail ya bure. Kuna ubaya gani?

Kiufundi hakuna ubaya. Huenda ikawa ndiyo anwani ambayo barua zake zinafika vizuri kuliko nyingine zote katika jengo lenu. Tatizo ni umiliki. Akaunti ya namna hiyo kwa kawaida ilifunguliwa kwa nambari ya simu ya mtu fulani, na siku mtu huyo akiacha kazi, ankara, mikataba na mazungumzo ya miaka mitano na wateja huondoka naye mfukoni. Kabla ya kuuliza seva ikae wapi, pata kwanza jina la kikoa, yaani lile jina linalofuata alama ya @.

"Kuendesha seva yako" maana yake ni nini hasa?

Maana yake ni kwamba kompyuta inayopokea, kuhifadhi na kutuma barua za biashara iko chini ya mamlaka yako, iwe imewekwa katika kabati la ofisi au ni mashine tupu uliyokodi katika kituo cha data. Programu zinazohitajika si siri wala si ghali: Postfix husafirisha barua, Dovecot huzihifadhi na kuzifikisha kwenye simu na kompyuta za wafanyakazi, Rspamd huchuja barua taka, na Roundcube humpa mtumiaji ukurasa wa kusomea barua katika kivinjari. Zote ni za bure na msimbo wake uko wazi.

Kukodi huduma ni kumlipa mwingine afanye kazi hiyo yote, awe ni Google Workspace, Microsoft 365, Zoho Mail au kampuni ya hapa nchini. Jambo hili si geni kwetu. Biashara za Nairobi zimekodi masanduku ya posta kwa miaka mingi, zikaandika S.L.P. na 00100 juu ya karatasi zao, na hakuna aliyefikiria kujenga posta yake mwenyewe. Alichohakikisha ni kwamba ufunguo unakaa kwake. Tofauti ni moja tu, nayo ina faida: ukihama posta, nambari ya sanduku hubadilika, lakini ukihama mtoa huduma wa barua pepe, jina lako la kikoa unakwenda nalo.

Kama programu ni za bure, gharama ya seva inatoka wapi?

Inatoka kwenye saa za mtu. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa sababu bei hubadilika. Ofisi ina watu 8, na huduma ya kukodi inagharimu shilingi 900 kwa mtu kwa mwezi. Hizo ni shilingi 86,400 kwa mwaka, kabla ya VAT ya asilimia 16. Mashine tupu inakodishwa kwa shilingi 2,500 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Inaonekana umeokoa shilingi 56,400. Zigawe kwa miezi 12, upate 4,700. Hicho ndicho kiasi ulichobaki nacho kila mwezi cha kumlipa mtu wa kuweka masasisho ya usalama, kupitia kumbukumbu za seva, kuhakiki nakala za akiba, kuandikia kampuni zilizokataa barua zako na kupokea simu yako Jumamosi usiku. Muulize fundi yeyote kama atakubali kazi hiyo kwa pesa hizo, halafu uwe na wasiwasi akikubali.

Kwa watu 80, huduma hiyo hiyo ya kukodi inafika shilingi 72,000 kwa mwezi, na hapo mtu anaweza kuajiriwa. Ndiyo maana ushauri unaofaa ofisi ya watu wanane haufai hoteli kubwa, na mtu anayekupa jibu bila kuuliza mko wangapi hajalifikiria swali lako.

Tuna faiba nzuri ofisini na kompyuta moja imekaa bure. Kwa nini isigeuzwe kuwa seva?

Vikwazo huanza kabla ya barua ya kwanza. Laini nyingi za faiba za bei ya kawaida hazikupi anwani ya IP ya umma, yaani nambari inayoitambulisha mashine mtandaoni, iliyo yako peke yako. Wateja wengi hukaa nyuma ya anwani moja, au hupewa anwani inayobadilika mara kwa mara. Hata ukilipia anwani isiyobadilika, bado unahitaji rekodi ya PTR, ile inayothibitisha kwamba anwani hiyo ni ya seva yenye jina lako, na rekodi hiyo huandikwa na anayemiliki anwani, yaani kampuni ya intaneti, wala si wewe. Halafu kuna mlango namba 25, ambao seva za barua hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, na ambao kampuni nyingi za intaneti huufunga ili kompyuta zilizoambukizwa virusi zisimwage barua taka. Hata kwenye mashine za kukodi mambo ni yale yale: AWS huuzuia kwa mashine mpya hadi uombe ufunguliwe, na Google Cloud huuzuia kwa barua zinazoelekea nje.

Mwisho ni sifa ya anwani yenyewe. Shirika la Spamhaus huweka orodha ya anwani za IP ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, zikiwemo za laini za nyumbani, na seva nyingi duniani huitazama orodha hiyo kabla ya kumfungulia mgeni mlango. Unaweza kukataliwa bila kuwa na kosa, kwa sababu ya mtaa unaokaa.

Stima ikipotea, je, barua zilizotumwa wakati huo zinapotea?

La. Hofu hii ni kubwa kuliko inavyostahili. Utaratibu wa SMTP, ambao seva hutumia kutumiana barua, ulichapishwa mwaka 1982, enzi ambazo mashine nyingi hazikuwa mtandaoni wakati wote, na kiwango kinachotumika leo kinashauri seva inayotuma iendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa. Umeme ulipokatika karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, barua zilizokuwa njiani kuelekea seva zilizozimika hapa nchini zilikuwa na nafasi ya kusubiri huko zilikotoka. Kinachopotea ni uwezo wako wa kusoma na kujibu, na mara nyingine diski, ikiwa mashine ilizimika ghafla bila betri ya akiba.

Kwa nini barua zetu zinaangukia kwenye spamu ilhali sisi hatutumi takataka?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake ndilo linaloamua mjadala wote. Anayepokea barua hana njia ya kukujua wewe; anachokiona ni anwani ya IP, jina la kikoa na kama viwili hivyo vinathibitishana. Uthibitisho huo hutolewa na rekodi tatu unazoziweka katika DNS ya kikoa chako, yaani daftari la hadharani linaloeleza mtandaoni jina hilo linahusu seva zipi. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM hutia kila barua saini ya kidijitali ambayo mpokeaji huihakiki kwa ufunguo uliouweka hadharani. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa majaribio hayo, aiache ipite, aiweke kando au aikatae, na pia hukuletea ripoti za wanaotumia jina lako.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinamtaka kila anayetuma barua kwa wateja wao awe na SPF au DKIM pamoja na PTR sahihi, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa akaunti za Gmail anatakiwa kuwa na SPF, DKIM na DMARC zote, njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya spamu yasiyofika asilimia 0.3. Duka la vipuri halitumi barua 5,000 kwa siku, lakini kuweka rekodi zote tatu ni kazi ya alasiri moja. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kikoa chenye rekodi mbili za SPF, moja iliyoachwa na mtoa huduma wa zamani na nyingine ya mtoa huduma mpya. Sheria ya SPF inaruhusu rekodi moja tu. Zikiwa mbili, matokeo ni hitilafu, na fundi aliyeongeza ya pili anaapa kwamba kila kitu kiko sawa kwa sababu ameiona kwa macho yake.

Anayekodi huduma huweka rekodi hizo mara moja, kisha hutumia anwani za IP ambazo mwingine anazilinda. Anayeendesha seva yake huziweka, kisha hubaki mlinzi wa sifa ya anwani yake milele. Nilijifunza hili kwa gharama. Niliwahi kuendesha seva ya ofisi moja ya Industrial Area, na kwa muda mrefu ilifanya kazi kama saa. Ijumaa moja nywila ya mfanyakazi iliibwa, na hadi Jumatatu asubuhi seva ilikuwa imetuma maelfu ya barua taka kwa jina letu. Kubadilisha nywila kulichukua dakika mbili. Kuondolewa kwenye orodha za wanaokataliwa kulichukua siku kadhaa, na siku hizo ziliangukia mwisho wa mwezi, wakati ankara zote zinatakiwa kuondoka. Mhasibu alizipeleka kwa mkono, kwa matatu.

Tumelipia tovuti na barua pepe ikaja pamoja nayo. Hiyo haitoshi?

Kwa watu wawili au watatu wanaotuma barua chache, inaweza kutosha. Hata hivyo, tambua kwamba hii si seva yako: ni seva moja yenye mamia ya wapangaji, wote wakitumia anwani ile ile ya IP, na jirani yako mmoja akitumia tovuti yake kusambaza ulaghai, barua zako za nukuu za bei zitakataliwa pamoja na zake. Nafasi pia hugawanywa kati ya tovuti na barua, kwa hiyo picha za bidhaa zinaweza kujaza diski na barua zikaanza kurudi kwa waliozituma. Ikiwa mtaendelea nayo, ulizeni mambo mawili: kama DKIM imewashwa, na kama barua zinazotoka hupitia mfumo tofauti na ule wa tovuti.

Je, Sheria ya Ulinzi wa Data inatulazimisha kuhifadhi barua Kenya?

Kwa biashara ya kawaida, hapana. Sheria ya mwaka 2019 inaruhusu data binafsi kuvuka mipaka iwapo kuna ulinzi unaofaa, ingawa inampa Waziri uwezo wa kutaja aina fulani za data zitakazoshughulikiwa kwa seva zilizo nchini kwa sababu za maslahi ya taifa. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kukodi huduma hakuhamishi wajibu. Wewe ndiwe mdhibiti wa data, na mtoa huduma ni mchakataji anayefanya kazi kwa niaba yako, chini ya mkataba wa maandishi. Data ikivuja na kukawa na hatari halisi kwa wahusika, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipofahamu, na mchakataji anatakiwa kukujulisha wewe bila kuchelewa, ikiwezekana ndani ya saa 48.

Biashara yenye mauzo ya mwaka yasiyofika shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa usajili wa lazima, lakini msamaha huo hauzigusi baadhi ya sekta, kwa mfano afya, elimu na huduma za kifedha. Kliniki ya watu watatu hujisajili. Na kusamehewa usajili si kusamehewa sheria.

Nyaya za baharini zikikatika, si afadhali seva iliyo hapa Nairobi?

Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota, na aliyekuwa na seva Nairobi aliweza kubadilishana barua na mwenzake wa Nairobi bila kuvuka bahari. Tatizo ni kwamba wateja wake wengi walikuwa na visanduku vyao kwa Google au Microsoft. Barua ni mazungumzo ya pande mbili, na unamiliki upande mmoja tu.

Kulipa kwa dola kunatutia wasiwasi. Je, ni haki?

Ni haki kabisa. Mapema mwaka 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 baadaye mwaka huo huo. Bili ile ile ya dola 50 ilikuwa shilingi 8,000 mwezi mmoja na 6,500 miezi michache baadaye. Wakala wa hapa nchini anaweza kukutoza kwa shilingi, kupokea M-Pesa na kukupa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, ambayo mhasibu wako ataikubali bila kunung'unika. Mradi tu wakala huyo asiwe ndiye mwenye nywila pekee ya msimamizi, jambo linalotuleta kwenye swali linalofuata.

Jina la kikoa liandikishwe kwa nani?

Kwa biashara. Si kwa kijana aliyetengeneza tovuti, si kwa mpwa wa mkurugenzi, wala si kwa wakala. Majina ya .ke husimamiwa na KENIC na kuuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa, na katika kila usajili kuna jina la mmiliki na anwani ya barua pepe ya mawasiliano. Mwenye udhibiti wa kikoa anaweza kubadilisha rekodi ya MX, ile inayouambia ulimwengu barua zako zipelekwe wapi, na kwa dakika chache tu barua za biashara nzima zikaanza kwenda kwake. Seva yenye kuta za chuma haikusaidii kitu ikiwa jina si lako.

Nimeona biashara ambayo ilishindwa kuhuisha kikoa chake kwa sababu taarifa ya kuhuisha ilikuwa ikipelekwa kwenye anwani ya mbunifu wa tovuti aliyekuwa ameshahama nchi. Nimeona nyingine ambayo taarifa ilikuwa ikienda kwenye anwani iliyo chini ya kikoa hicho hicho, kwa hiyo muda ulipokwisha, barua ya kuwaonya nayo haikuwa na mahali pa kufikia. Weka anwani ya mawasiliano iliyo nje ya kikoa chenu, andika tarehe ya kuhuisha kwenye kalenda ya ukutani, lipia miaka miwili au mitatu mnapoweza, na hifadhi risiti katika faili moja na cheti cha biashara. Hili ni jambo lisilohitaji fundi, na ndilo ninaloliona likipuuzwa kuliko yote.

Mtoa huduma mkubwa si anatunza nakala za akiba?

Anazitunza kwa ajili ya hitilafu zake, si kwa ajili ya makosa yako. Katika Google Workspace, barua iliyofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, na msimamizi ana siku 25 zaidi za kuirejesha. Baada ya hapo imekwenda. Mfanyakazi mwenye kinyongo anaweza kufuta barua Januari, nawe ukagundua Aprili. Sheria ya Taratibu za Kodi inakutaka uhifadhi kumbukumbu za kodi kwa miaka 5, na ankara nyingi siku hizi zimo ndani ya barua pepe. Pakua nakala nzima kila robo ya mwaka, iweke kwenye diski isiyokaa ofisini, na mara moja kwa mwaka jaribu kuifungua.

Ipi ni salama zaidi dhidi ya wadukuzi?

Machi 2021, udhaifu katika Microsoft Exchange, programu ya seva ya barua pepe, uliwawezesha wadukuzi kuingia katika makumi ya maelfu ya seva zilizoendeshwa na wenyewe, ilhali waliokuwa wakikodi Exchange Online, huduma ya Microsoft yenyewe, hawakuguswa na udhaifu huo. Lakini mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika visanduku vya mashirika yapatayo 25 vilivyokuwa katika huduma hiyo ya kukodi, zikiwemo idara za serikali ya Marekani, kwa hiyo hakuna upande unaoweza kujivuna. Kwa biashara ndogo, hatari kubwa ni mtu anayeingia kwa nywila iliyoibwa, anayesoma barua kimya kimya kwa wiki mbili, kisha anamtumia mteja wako ankara yenye nambari mpya ya akaunti ya benki. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila mtu, na uweke kanuni kwamba mabadiliko yoyote ya akaunti ya malipo yanathibitishwa kwa simu, kwa nambari mliyokuwa nayo tangu zamani.

Basi ni nani anayefaa kuendesha seva yake?

Kampuni ambayo kazi yake ni teknolojia na ina watu wawili, si mmoja, wanaoijua seva hiyo. Taasisi yenye siri ambazo mkataba unakataza kumpa mtu wa tatu. Au mtu anayetaka kujifunza, kwa kikoa ambacho si cha mkate wake wa kila siku. Ipo pia njia ya katikati: kupokea na kuhifadhi barua kwenye seva yako, huku barua zinazotoka zikipitia kampuni inayolinda sifa ya anwani zake.

Tunahamaje bila kupoteza barua?

Kwanza orodhesheni visanduku vyote, vikiwemo vile vya kupeleka barua kwa watu kadhaa. Siku mbili kabla, punguza TTL ya rekodi ya MX, yaani muda ambao seva nyingine huikumbuka rekodi hiyo kabla ya kuiuliza tena, hadi dakika 5, ili mabadiliko yaonekane haraka. Fungua visanduku vipya, badilisha MX Ijumaa jioni, kisha hamisha barua za zamani kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, wakati ofisi imefungwa. Kama kuna kompyuta iliyokuwa ikisoma barua kwa POP3, njia ya zamani inayozishusha kwenye kompyuta na mara nyingi kuzifuta kwenye seva, barua zake za zamani huenda ziko ndani ya kompyuta hiyo tu, kwa hiyo iguse kwa uangalifu. Acha seva ya zamani ikiwaka wiki mbili zaidi.

Kisha zungukia vitu vinavyotuma barua bila mtu: mashine ya fotokopi inayotuma nyaraka zilizochanganuliwa, fomu ya mawasiliano ya tovuti, programu ya uhasibu. Vyote hivyo vina nywila na mipangilio ya zamani, na havitalalamika. Vitaacha tu kutuma. Na ikiwa mmehama kutoka anwani ya bure kwenda ya kikoa chenu, badilisheni pia anwani iliyosajiliwa katika iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi, kabla ya kuifunga ile ya zamani.